Ugali Hutafunwa

Tuwan, Kitale
Jumapili, alasiri

Nafula mwanangu,

Utaikuta karatasi hii juu ya mto wako mkirudi, na najua utashangaa. Sisi tunaishi nyumba moja, ukuta ni mmoja tu kati yetu, na ningeweza kukuita nikakuambia kwa mdomo. Lakini unanijua. Nikikaa mbele yako nitaanza kukuuliza kama zipu ya begi inafunga na kama simu ina chaji, na maneno yenyewe yatabaki ndani. Kwa hivyo, sasa ukiwa umetoka na mama yako kwenda kusukwa nywele, nimechukua kalamu yako ya bluu bila ruhusa, nimekaa mezani.

Mambo ya neti ya mbu, ya maji ya kunywa na ya kufunga mlango mapema, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena kesho ukiwa tayari ndani ya gari. Mimi siyarudii. Ya wanaume ni kazi ya dada yangu, senge yako, na nasikia aliimaliza juzi kwenye simu. Mimi nataka kukuandikia juu ya kula. Usicheke. Kula tu, safari ya tonge kutoka kwenye sahani mpaka tumboni, kwa sababu hilo hukujifunza kwa mwalimu wala kwa mama yako. Ulijifunza kwangu.

Jana mchana nilikuona jikoni. Ulikuwa umesimama karibu na meko, sahani mkononi, unakula kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Ulipomaliza ukaweka mkono pale chini ya kifua, ukafumba macho kidogo, kisha ukaosha sahani yako ukatoka kwa mlango wa nyuma. Hukujua kwamba nimesimama ukumbini. Mkono huo naufahamu tangu msimu wa kupanda, ulipolazwa hospitali. Na ninajua pia kwa nini umerudia kula umesimama. Ni kwa sababu mezani niko mimi, na tangu ulipotaja Lodwar mimi nimekuwa mtu wa kununa. Nitafika hapo. Niache kwanza nianzie mbali, maana nisipoanzia mbali nitaonekana mbaya kuliko nilivyo.

Wewe Malakisi unaijua kwa matanga na Krismasi. Mimi nilikulia pale wakati boma letu zima lilikuwa likiishi kwa tumbaku. Nyuma ya nyumba kulikuwa na bani, kile kijumba kirefu cha udongo kisicho na dirisha ambamo majani huning'inizwa yakauke, na chini yake moto ambao haukuruhusiwa kulegea wala kuzidi. Ukilegea, majani yanageuka rangi mbaya na kazi ya msimu wote inakwenda bure. Ukizidi, bani linaungua na kila kilichomo. Kwa hivyo wakati wa kukausha hakuna aliyekaa chini kula. Babu yako alikuwa akila kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika gogo. Sisi watoto tulipewa trei moja ya ugali na bakuli moja la mrenda, tukaambiwa tumalize upesi twende kuni.

Sasa mrenda unaujua, mboga inayoteleza yenyewe. Tonge likitoka kwenye bakuli la mrenda halihitaji meno, linashuka tu. Na sisi tulikuwa na fahari yetu pale kwetu: ugali haukutafunwa. Ulimezwa. Anayetafuna ugali alikuwa mtoto mchanga, au mgonjwa, au mtu wa mjini aliyekuja kututembelea. Baba yako mdogo Wanyonyi alikuwa na tabia ya kuligeuza tonge shavuni kidogo kabla ya kulimeza, na tulimcheka mpaka akalia. "Weee, oneni Wanyonyi anatafuna obusuma! Wanyonyi amekuwa mzee, meno imeisha!" Aliyekawia aliikuta trei imekwisha kulambwa. Wanyonyi alilala njaa mara nyingi, maskini, na sikumbuki hata siku moja niliyomwachia tonge.

Hivyo ndivyo nilivyokua. Nilikuwa namaliza kula wakati ugali bado unatoa mvuke, na watu wakinisifu. Kwetu anayekula upesi ndiye anayelima upesi. Hata nilipokuja huku Kitale kutafuta kibarua, mnyapara wa shamba la kwanza alitupa maharagwe na ugali kabla ya kutupa majembe, akasimama pembeni akitutazama. Waliokawia na sahani aliwaambia warudi kesho, na sote tulijua kesho hiyo haipo. Mimi nilichukuliwa wa kwanza. Nilimpigia babu yako simu kutoka dukani nikamwambia kazi nimeipata kwa mdomo, na alielewa.

Hadithi ya Chwele umeisikia kwa mama yako, na kila akiisimulia mimi nazidi kuwa mjinga. Wacha uisikie kwa mwenyewe.

Nilikuwa nimeenda kujulikana kwa kina mama yako. Koti nililovaa nilikuwa nimeazima, na viatu vilinibana. Desturi unaijua: mtu na mama mkwe wake hawali wakionana. Kwa hivyo sisi wanaume tuliketishwa sebuleni, na kukhu wako, mama mzaa mama yako, akabaki jikoni, ile nyumba ya pembeni, akituma sahani kwa mkono wa dada yake. Yeye hakuniona nikila. Alichoona ni sahani zikirudi. Na kwao mgeni aliyeshiba huacha kidogo, kipande cha ugali na mfupa wenye nyama nyama. Mgeni akirudisha sahani tupu, jikoni wanaelewa kwamba bado ana njaa. Hilo hakuna aliyeniambia. Kwetu, chakula ukikiacha kwenye sahani unamwachia ndugu yako, na ndugu yako wala hakushukuru.

Sahani ya kwanza niliifagia wenzangu wakiwa bado wananawa mikono. Ikarudi imejaa. Nikaona hiyo ni heshima, nikaifagia. Ikarudi tena. Yule dada ya kukhu alikuwa mama mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Kura mwana wetu, kura! Usione haya! Si umetoka mbari?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba na sahani imekauka hivi? Wacha kutudanganya, bana. Ngoja nikuongezee kuku."

Na mimi, badala ya kuacha kidogo, nikasafisha tena, maana niliogopa wasije wakasema nimedharau. Hapo tumbo likaanza kusema lake. Sasa wewe ni mtu wa siku hizi, utaniambia si ungeuliza tu choo kiko wapi. Nafula! Mtu haulizi choo nyumbani kwa mama mkwe, tena siku ya kwanza! Afadhali ningezirai. Nikasimama, nikamwambia mjomba wako Barasa, wakati huo kijana tu, "Shemeji, hebu nitembeze nione mipaka ya shamba." Nilidhani atanifikisha kwenye miwa kisha aniache. Barasa akafurahi sana. Hakuna mkwe aliyewahi kulijali shamba lao namna ile. Akanipeleka mpaka wa kwanza, akanionyesha mti, akanieleza nani aliupanda, akaingia kwenye ugomvi wa babu yake na jirani, akaeleza mpaka chifu alipoitwa na alivyosema. Jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye kola. Tulipofika mpaka wa pili nikamshika bega.

"Barasa ndugu yangu, tumbo."

Akanitazama, akaelewa. "Ai, shemeji! Si ungesema kwa mpaka wa kwanza?"

Kukhu wako hakuambiwa mpaka wewe ulipozaliwa, na nasikia alicheka akakaa chini. Siku hizi nikienda Chwele naacha kipande kwenye sahani na kila mtu ana amani. Lakini ona, mama, pale nilijifunza adabu tu. Kula sikujifunza. Tumbo langu lilikuwa limekwisha shiba kwenye sahani ile ya kwanza, ila lenyewe husema polepole, na mimi nilikuwa nimekwisha lipita.

Halafu ukaja wewe. Tulikuwa na ile meza ndogo ya mbao iliyokuwa ikicheza mguu mmoja, na nikirudi kazini ulikuwa unakaa upande wangu, si wa mama yako. Nikianza kula unanitazama mdomoni. Nikaufanya mchezo. "Nani wa kwanza?" nakuuliza, nawe unapaaza sauti mashavu yamejaa, "Mimi, papa!" Mama yako alikuwa akisema, "Baba Nafula, mtoto atapaliwa," nami najibu, "Mwache, huyu ni mtu wa Malakisi." Ulipoenda bweni ukaniandikia kwamba wewe ndiye unayemaliza kula kabla ya darasa zima. Niliwasomea barua hiyo wenzangu kazini. Nilijivuna, sikufichi.

Mimi mwenyewe kiungulia nilikuwa nacho miaka yote hiyo. Nilikuwa nalala nimeegemea mito kama mtu anayesubiri habari. Dawa yangu ilikuwa munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo mama yako huyaweka kwenye mrenda. Napiga funda moja, nabeua, naona nimepona. Sikuwahi kujiuliza kwa nini napona kila siku.

Sasa twende kwenye msimu wa kupanda. Ulikuwa umemaliza chuo Bungoma, unafanya vibarua vya kufunga pampu za maji, na siku hiyo ulikuwa Kipsongo. Nilipigiwa simu kwamba umeanguka karibu na tangi umejishika tumbo. Nilikuta umelazwa, umejikunja, uso umekuwa wa kijivu. Niliogopa, Nafula. Sijui kama niliwahi kukuambia. Nilisimama kwenye mlango wa wodi nikashindwa kuingia mara moja.

Daktari alikuwa msichana, pengine wa umri wako. Alikuuliza unakula saa ngapi, ukasema ukipata nafasi. Akakuuliza unakula ukiwa wapi, ukasema popote. Akakuuliza chakula cha mchana kinakuchukua muda gani, ukanitazama mimi kana kwamba mtihani ni wangu.

"Kidogo tu," ukasema.

Akanigeukia. "Na wewe mzee, huko nyumbani mnakula namna gani? Ugali mnautafuna?"

Nikacheka. "Sasa daktari, ugali unatafunwa na nani?"

Na wewe ukacheka pia, na maumivu yako yote, ukajishika tumbo zaidi. Daktari hakucheka. Alitueleza taratibu kwamba ugonjwa wako una mambo mengi, kuna vijidudu ambavyo atavipima, kuna zile dawa za kichwa ulizokuwa unameza bila kula kitu, na kula haraka si chanzo cha yote. Lakini akasema kazi ya tumbo huanzia mdomoni, na tumbo halina meno, kwa hivyo kazi tunayoikataa huku juu tunaliachia lenyewe, na lako limechoka. Vidonge alisema vitaisha baada ya muda. Kula ni kila siku, na hapo hawezi kutuandikia dawa.

Uliporudi nyumbani mama yako akatangaza sheria. Watu wote mezani. Simu zote kwenye kapu la vitunguu. Hakuna wa kusimama mpaka wa mwisho amalize. Mimi nilikubali kwa ajili yako tu. Niliona haya kutafuna ugali nyumbani kwangu mwenyewe, mtu mzima na ndevu nyeupe. Nikatia tonge mdomoni nikaanza. Likavunjika, likawa kama uji, koo likataka kulivuta, nikakumbuka uso wa yule daktari, nikaendelea. Halafu likawa tamu.

Nilimtazama mama yako. "Leo umeweka sukari kwa ugali?"

"Baba Nafula, uko sawa kweli?"

Ukapaliwa kwa kicheko, ukapigwa mgongo. Lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Mahindi haya nimeyapanda, nimeyapalilia, nimeyavuna, nimeyabeba kwa magunia kwenye mgongo huu mpaka ukapinda. Nimeyala kila siku ya maisha yangu. Na nilikuwa sijawahi kujua kwamba yana utamu, kwa sababu sikuwahi kuyaacha mdomoni yakae. Nilitaka kulia, nikasingizia pilipili.

Baada ya hapo nikawa kama mtoto anayejifunza kutembea. Nilianza kukata tonge dogo. Nikajizoeza kuuweka mkono mezani mpaka tonge la kwanza lishuke, maana mkono wangu una haraka zake, unafinyanga la pili wakati la kwanza halijafika popote. Nikagundua kwamba siku nyingine nilipokuwa nadhani nina njaa nilikuwa nimechoka tu, au nimeudhika kazini. Nikagundua kwamba shibe huja kimya, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi mara moja, na usipokuwa unasikiliza anaondoka. Ile mito nikairudisha kwa mama yako. Munyu ukabaki wa mrenda.

Lakini kilichonishangaza zaidi hakikuwa tumbo. Ulikuwa wewe. Nilikuwa nimeishi na mtoto wangu miaka yote hii, na kila mlo nilikuwa nimekwisha simama wakati wewe na mama yako mnaanza kuzungumza. Kukaa tu mpaka mwisho kulinifanya nikujue. Nilijua kwamba unaogopa kupanda minara ya matangi, na unapanda hivyo hivyo. Nilijua kwamba rafiki yako wa Bungoma alifiwa na mama yake, na wewe ulikaa naye wiki nzima bila kutuambia. Nilijua kwamba hupendi sukuma wiki! Mimi nimekuwa nikikuona unaimaliza ya kwanza tangu ukiwa mdogo, nikadhani unaipenda, kumbe ulikuwa unaiondoa njiani. Nikamwambia mama yako tupande kunde.

Ndipo jioni ile ukasema. Ulingoja nimeze, nakumbuka, ukawa na heshima hiyo.

"Papa, nimepata kazi. Ile kampuni ya kuchimba visima. Ni Lodwar."

Mama yako akapiga kigelegele. Mimi nikachukua tonge nikalimeza zima. Nikachukua jingine nikalimeza, na la tatu. Nilihisi yakishuka kama mawe, na bado nikaendelea, maana mdomo ukijaa hautakiwi kujibu. Halafu nikasema "sawa," nikasimama nikatoka nje. Sheria ya mama yako ilivunjwa na mimi wa kwanza. Na hiyo "sawa" yangu ulijua haikuwa sawa.

Kiungulia kikarudi usiku huo huo. Kesho yake nikala haraka nikaondoka mezani. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Wewe ukaanza kuchukua sahani yako jikoni. Mama yako akabaki mezani peke yake na kapu la simu, akila na ukuta, na hakutugombeza hata mmoja wetu, jambo ambalo lilinitisha. Ameniambia jana kwamba katika wiki hizo alipika kuku mara mbili. Mimi sikumbuki kuku. Chakula ukikila na kinyongo hukijui ni nini, na tumbo nalo halijui lifanye nini nacho.

Nilijiambia nina hasira kwa sababu kazi ziko hata hapa, kwa sababu Lodwar ni joto, kwa sababu wewe ni msichana kati ya wanaume wa mitambo. Hayo yote niliyatafuna vizuri kuliko ugali, na leo asubuhi kanisani nikakuta hayana kitu ndani. Si hasira. Ni kwamba nilikuona umejikunja kwenye kile kitanda, na sasa unakwenda mahali ambapo mkono wako ukienda chini ya kifua hakuna atakayeuona. Ndilo hilo tu. Nilikuwa naogopa, na badala ya kukuambia naogopa nikakunyima meza.

Kwa hivyo nakuomba, si kwa ubaba, kwa kuomba kabisa. Kule mtakula kando ya lori. Najua watu wa kazi za mikono, nimekuwa mmoja wao maisha yote. Sufuria ya wali na maharagwe itawekwa chini, vijiko vitaingia vyote mara moja, na atakayekawia atakuta ukoko. Utaitwa jina kama Wanyonyi alivyoitwa. Wewe chukua sahani yako mapema, ujipakulie, ukae kwenye kivuli cha lori uipe mgongo mashine. Wakicheka, wacheke. Waambie baba yako ni mzee wa Malakisi aliyejua kula akiwa na mvi. Wakipunguza kucheka, mmoja atakuja kukaa karibu nawe, utaona. Na joto la kule linaua hamu ya chakula mchana, halafu usiku mtu anajilipa kwa fujo na kulala hapo hapo. Usingoje usiku. Kula kidogo wakati jua lipo, hata kama hujisikii, na ukile hicho kidogo kana kwamba umealikwa.

Naanza kuhubiri. Naacha. Siku utakazosahau na kumeza kila kitu kizima kwa sababu bomba limepasuka na watu wanakusubiri, usijilaumu. Mimi nimesahau wiki hizi zote nikiwa hapa hapa kwenye meza yangu, na mke wangu ananitazama. Mlo unaofuata, kaa chini tena, basi. Na tumbo likiwaka, usijifiche. Nenda hospitali, kisha unipigie, hata kama najua nitapiga kelele kidogo mwanzoni.

Kisha nenda, mwanangu. Nenda Lodwar. Sikukuambia neno zuri siku ile, basi lichukue sasa. Watu wa kule watafungua bomba na maji yatatoka, na kuna mtu ambaye hatajua jina lako atakunywa akashukuru Mungu, na mkono uliofunga ile pampu ni wako. Nilipoyafikiria hayo leo kanisani nilisimama kabla ya wimbo kuanza, watu wakanitazama. Ninajivunia wewe kuliko nilivyowahi kujivunia kitu chochote, na safari hii si kwa sababu umemaliza wa kwanza.

Gari la kampuni linakuja saa tatu. Nimemwambia mama yako kesho asituwekee chai na mkate. Asonge ugali, ule wa wimbi, na kunde. Najua watu hawali ugali asubuhi, majirani wakisikia mwiko wataona tumechanganyikiwa. Waone tu. Njoo ukae mezani, tafadhali, upande wowote unaotaka. Mama yako anangoja hilo kuliko anavyosema, na mimi pia.

Nitakula polepole sana kesho, Nafula. Usiniambie niharakishe, na usidhani ni kwa ajili ya tumbo. Ni kwamba tukimaliza, utasimama uende.

Ni mimi baba yako,
anayekupenda